Uuguzi, ualimu au sosholojia: jibu kwa binti mwenye nafasi tatu mkononi

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza sekondari na nimekubaliwa chuo kikuu katika kozi tatu: uuguzi, ualimu wa lugha na fasihi, na sosholojia. Nina wiki tatu za kuthibitisha moja. Baba anataka uuguzi kwa sababu wauguzi hawakosi kazi. Mama anataka ualimu. Mimi moyo wangu uko kwenye sosholojia, kwa sababu napenda kusikiliza watu wakieleza maisha yao na kutaka kujua kwa nini wanaishi wanavyoishi. Ila kila ninayemuuliza mhitimu wa sosholojia anafanya kazi gani, anababaika. Biolojia nafanya vizuri, riwaya nasoma sana, hesabu naiweza lakini siipendi. Nikiona damu kizunguzungu kinanishika. Je, nikianza kozi moja nikaona siyo yangu, naweza kuhamia nyingine?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na ninaanza na swali ulilolitia mwishoni, kwa sababu ndilo linaloyabeba mengine yote.

Kuhama kunawezekana, ila milango hiyo haifunguki sawa pande zote mbili. Muuguzi mwenye shahada ya kwanza akitaka kuingia sayansi za jamii, njia anayo: anaomba shahada ya uzamili ya afya ya jamii, sera za afya, masomo ya maendeleo au anthropolojia ya tiba (uchunguzi wa jinsi mila na maisha ya watu yanavyogusa ugonjwa na tiba), na mara nyingi anapokelewa kwa furaha kwa kuwa ameyaona wodini yale ambayo wenzake wameyasoma tu. Mhitimu wa sosholojia akitaka kuwa muuguzi, mara nyingi anaanza chini. Zipo nchi, kama Uingereza na Australia, ambako mwenye shahada nyingine anaweza kusoma uuguzi kwa miaka 2 badala ya 3 au zaidi, lakini hata huko hakuna anayeruka saa za wodini. Ualimu uko katikati. Mwenye shahada ya fasihi, historia au biolojia anaweza kuongeza mwaka mmoja au zaidi wa mafunzo ya ualimu akaingia darasani. Ukiukosa ualimu leo, hujaukosa kabisa.

Tofauti hii inatokana na leseni. Kozi za chuo kikuu zipo za namna mbili, na vijana wengi hawaambiwi hivyo siku ya kujaza fomu. Kuna kozi ambayo nyuma yake limesimama baraza au bodi ya taaluma: uuguzi, udaktari, famasia, fiziotherapia, na katika nchi nyingi ualimu na ustawi wa jamii. Hapo chuo hakijipangii peke yake cha kufundisha. Sheria inasema mwanafunzi lazima afanye nini, kwa muda gani, chini ya usimamizi wa nani, ndipo aruhusiwe kumgusa mgonjwa au kukaa peke yake na watoto wa watu. Halafu kuna kozi zisizo na leseni, kama sosholojia, historia, falsafa, isimu, sayansi ya siasa na fasihi. Hizi zinakufundisha namna ya kuuliza na kuchunguza, kisha zinakuachia mwenyewe utafute pa kuitumia namna hiyo.

Nikupe mfano wa uzito wa leseni. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka muuguzi wa jumla asome si chini ya miaka 3 na saa 4,600, na angalau nusu ya saa hizo ziwe za mafunzo kwa vitendo kwa wagonjwa. Piga hesabu. Nusu ni saa 2,300. Ukifanya saa 40 kwa wiki, hizo ni zaidi ya wiki 57, yaani zaidi ya mwaka mzima wa kazi ya kutwa, ukiwa bado mwanafunzi. Nchi nyingine zina viwango vyao, lakini sura ya masomo ni ileile. Kwa hiyo ukisema "nimechagua uuguzi" usijione ukumbini ukiandika maelezo ya somo. Jione ukiwa umesimama, saa kumi na moja alfajiri, ukigeuza mgonjwa asiyeweza kujigeuza mwenyewe.

Hapo ndipo tuje kwenye damu, maana naona imekutisha kuliko inavyostahili.

Kizunguzungu cha damu kina maelezo yake, na si dalili ya woga. Kwa baadhi ya watu, macho yakiona damu, mapigo ya moyo hupungua ghafla na mishipa hutanuka, shinikizo la damu linashuka, na ubongo unapungukiwa damu kwa sekunde chache. Ndiyo maana mtu anaona giza na magoti yanalegea. Wanafunzi wengi wa uuguzi na udaktari wamepitia hali hiyo siku zao za kwanza, na kwa wengi hupungua kadiri wanavyozoea. Iko pia mbinu inayofundishwa tangu miaka ya 1980: unakaza misuli ya mikono, miguu na tumbo kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka uhisi uso umepata joto, unalegeza kwa nusu dakika, kisha unarudia. Kukaza huko kunapandisha shinikizo la damu na kuzuia kuanguka. Jaribu nyumbani kabla hujaamua kwamba uuguzi hukufai. Kama umewahi kuzimia mara kwa mara bila hata kuona damu, hiyo ni habari nyingine, nenda ukapimwe.

Katika miaka yangu ya kushauri wanafunzi, walioacha uuguzi wakaja kuketi mbele yangu hawakuwa wakizungumzia damu. Walizungumzia zamu za usiku. Walizungumzia kumhudumia mtu kwa wiki tatu kisha kufika asubuhi na kukuta kitanda kimetandikwa upya. Walizungumzia kuandika kila kitu, kila dozi, kila kipimo cha joto, na hofu ya kukosea. Na hesabu ilikuwemo pia. Dawa ya maji ina miligramu 250 katika kila mililita 5, daktari ameandika miligramu 400, utavuta mililita ngapi? Ni 8. Si hesabu ngumu, lakini unaifanya umechoka, simu inalia, na mgonjwa wa pili anakuita, na haina nafasi ya kukosea. Jiulize kuhusu hayo kabla ya kujiuliza kuhusu damu.

Sasa sosholojia, ambako moyo wako uko. Nataka kukutetea mbele ya wote wanaobabaika, kwa sababu swali unalolipenda ni swali zito na dunia imelilipia gharama kubwa ilipolipuuza.

Kati ya 2014 na 2016 Ebola ilisambaa Afrika Magharibi, hasa Guinea, Liberia na Sierra Leone. Zaidi ya watu 28,600 waliugua na zaidi ya 11,300 walikufa. Sayansi ya maabara ilijua mapema kwamba mwili wa aliyekufa kwa Ebola una virusi wengi mno na kuuosha kwa mikono ni hatari. Kwa hiyo timu zilizovaa mavazi ya kinga ziliingia vijijini, zikachukua miili na kuondoka. Kitaalamu walikuwa sahihi. Lakini familia ziliona wapendwa wao wakibebwa kama mizigo, bila dua, bila hata jamaa kuonyeshwa kaburi. Watu wakaanza kuficha wagonjwa na kuzika usiku. Wanaanthropolojia na wazee wa jamii ndio waliosaidia kueleza kilichovunjika hapo, na mwishoni mwa 2014 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa mazishi salama yenye heshima: familia ialikwe, dua isomwe, mtu aweze kuaga akiwa umbali salama. Utaratibu huo ulisaidia kuokoa maisha, na aliyeuwezesha ni mtu aliyejua kusikiliza kwa utaratibu.

Neno "utaratibu" nimelitia makusudi. Kupenda kusikiliza watu ni kipaji, na sosholojia ni ufundi unaojengwa juu ya kipaji hicho. Utafundishwa kuandika swali la hojaji lisilomwekea mtu jibu mdomoni. Utafundishwa kuchagua sampuli, yaani watu wachache watakaowawakilisha wote. Mwaka 1936 jarida moja la Marekani, Literary Digest, lilipata majibu ya watu zaidi ya milioni 2 na likatangaza kwamba Landon angemshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Wingi wa majibu haukulisaidia, kwa kuwa majina yalitolewa zaidi kwenye orodha za wenye simu na magari, enzi ambayo maskini hakuwa na simu wala gari, na tena waliojisumbua kurudisha karatasi hawakufanana na waliozitupa. Utalisoma jambo hilo kwa kina, pamoja na takwimu zake. Nakuonya mapema: watu wanaokimbilia sayansi za jamii ili kuikwepa hesabu hukutana nayo mwaka wa pili, na wengi huishia kuisoma kwa kinyongo. Wewe umesema unaiweza. Basi usiikimbie, maana mhitimu wa sosholojia anayejua kuchambua data na mhitimu asiyejua wanaingia katika soko tofauti kabisa la ajira.

Ndiyo jibu la swali la "anafanya kazi gani". Ni nadra kukuta tangazo la kazi lililoandikwa "anatakiwa mwanasosholojia". Kazi zenyewe zinaitwa afisa utafiti, mratibu wa mradi, mchambuzi wa sera, afisa tathmini na ufuatiliaji, afisa rasilimali watu, mwandishi wa habari. Mlango wa kila mojawapo unafunguliwa na ustadi unaoonekana: ripoti uliyoandika, data uliyokusanya mwenyewe, lugha ya ziada unayoimudu, jamii unayoifahamu vizuri. Muuguzi anahitimu na kazi yenye jina. Mwanasosholojia anahitimu na uwezo, kisha anautafutia jina, na kwa wengi msako huo huchukua miaka miwili, mitatu. Kama familia yako haiwezi kukubeba miaka hiyo, baba yako hakosei kuogopa. Usimhesabu kuwa ni mtu asiyekuelewa. Woga wake una msingi, nawe ulipe jambo hilo uzito wake mnapozungumza.

Kuhusu ajira kwa ujumla, wazazi wako wote wawili wana hoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria dunia itapungukiwa na wafanyakazi wa afya takriban milioni 11 ifikapo 2030, na UNESCO inasema shule za msingi na sekondari zitahitaji walimu wapya milioni 44 kufikia mwaka huohuo. Ila hitaji la watu si lazima liwe ajira. Hospitali inaweza kuwa na upungufu mkubwa na bado isiajiri kwa kuwa bajeti haipo. Shule vilevile. Uliza waliohitimu miaka miwili iliyopita wako wapi leo, usiulize tu dunia inahitaji nini.

Ualimu nitauongelea kwa ufupi, na sababu yake imo katika barua yako. Umeandika kuhusu watu, riwaya, biolojia na damu. Neno "mtoto" halimo, wala "mwanafunzi", wala "kufundisha". Anayependa riwaya na anayependa kumwona kijana wa miaka 14 akiielewa riwaya kwa mara ya kwanza ni watu wawili, hata kama wakati mwingine wanaishi katika mwili mmoja. Mwaka 1986 mtaalamu wa elimu Lee Shulman alieleza kwamba mwalimu ana aina yake ya maarifa, ambayo mjuzi wa somo anaweza asiwe nayo: kujua mwanafunzi atakosea wapi na kwa nini. Chukua mgeni anayejifunza Kiswahili anayesema "kitabu yangu". Mjuzi wa lugha atamsahihisha, "sema kitabu changu", na kuendelea. Mwalimu atagundua kwamba mgeni huyo amesikia "nyumba yangu", "kazi yangu", "simu yangu" mara nyingi mno, akajitengenezea kanuni kwamba "yangu" inafaa kila mahali. Kwa hiyo hatasahihisha neno moja, atamwekea kitabu, kiti na kisu mezani mpaka kanuni ibadilike yenyewe. Kama ukisoma mfano huo umetabasamu na kutamani kuwa mezani hapo, niandikie tena, nitabadili ushauri wangu. Kama umeuruka ili ufike kwenye uamuzi, umeshajijibu.

Kabla ya uamuzi, kuna majina ya kozi yanayopoteza watu, na ninaona wewe pia unaweza kuvutwa nayo unapotafuta njia ya kati. Afya ya jamii si uuguzi mwepesi. Inahusu kinga, takwimu za magonjwa, maji, chanjo na mipango, na kwa kawaida haikupi leseni ya kutibu mtu. Saikolojia ya shahada ya kwanza haikufanyi mtaalamu wa tiba ya akili. Kwa hilo kuna miaka mingine ya masomo na usimamizi, na daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kwanza, aliyepitia udaktari wote. Ustawi wa jamii na sosholojia zinakaa jirani lakini si pacha: ya kwanza inakupeleka kwa familia yenye shida ukiwa na wajibu wa kisheria, ya pili inakufundisha kuchunguza kwa nini familia za aina hiyo zina shida hiyo. Na ukiona "Shahada ya Sanaa" usidhani ni uchoraji. Jina hilo limetoka katika sanaa saba za vyuo vikuu vya kale vya Ulaya: sarufi, mantiki, balagha, hesabu, jiometri, muziki na falaki. Mtu anaweza kusoma uchumi na kutoka na shahada ya sanaa bila kuwahi kushika brashi.

Katika wiki tatu ulizonazo, wiki ya kwanza tafuta mtaala kamili wa kila kozi, si kipeperushi chake, na usome mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza kozi nyingi zinafanana, kuna utangulizi wa hiki na kile. Mwaka wa pili ndio unaoonyesha kozi ilivyo. Kwenye uuguzi utaona famakolojia (elimu ya dawa), patholojia (elimu ya magonjwa) na zamu za wodini. Kwenye sosholojia utaona nadharia za jamii, mbinu za utafiti na takwimu. Soma orodha hiyo polepole na uangalie mwili wako unakuambia nini. Kisha tafuta mtu mmoja anayesoma kila kozi na, ukiweza, mmoja aliyeiacha. Aliyeiacha atakueleza mambo ambayo anayebaki ameshayazoea hata hayaoni.

Kwa uuguzi uliza jambo moja zaidi, na usikubali jibu la mdomo: je, programu hii ina ithibati, na wahitimu wake wanaruhusiwa kufanya mtihani wa usajili wa baraza la uuguzi? Nilimshauri wakati fulani kijana wa kozi ya afya, mwenye bidii kuliko wenzake wote, na mimi sikumuuliza swali hilo kwa kuwa nilidhani chuo kimeshalimaliza. Alihitimu, akaomba usajili, akakataliwa kwa sababu programu yake haikuwa imetambuliwa na baraza. Alilazimika kurudia miaka miwili kwingine. Hilo bado linaniuma, na tangu siku hiyo kila anayeniuliza kuhusu kozi ya leseni namwambia aone jina la programu katika orodha ya baraza lenyewe kwa macho yake.

Hukuuliza moja kwa moja uamuzi wangu, lakini nitakupa. Kutokana na ulichoandika, ningekuelekeza uuguzi kwanza na sosholojia baadaye, kwa masharti mawili. La kwanza ni kwamba utumie angalau siku moja ndani ya kituo cha afya kabla ya kuthibitisha, hata kama ni kusaidia kupanga mafaili na kuwasindikiza wagonjwa, uone kama mwisho wa siku unachoka kwa uchovu wa kawaida au kwa uchovu wa kutamani kutorudi. La pili ni kwamba usiiache sosholojia ikafa ndani yako: tumia kozi za hiari kuchukua somo la jamii au anthropolojia, na andika, kila baada ya zamu, ukurasa mmoja wa uliyoyasikia, bila majina ya wagonjwa. Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza ambaye shule yake ya uuguzi ilifunguliwa katika Hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860, alikuwa ameshachora michoro ya takwimu kuonyesha kwamba wanajeshi wengi katika vita vya Crimea waliuawa na magonjwa yanayozuilika kuliko majeraha. Alitoka wodini akauliza maswali ya jamii nzima. Njia unayoitamani ina watu walioipita.

Lakini ukitoka kituoni siku hiyo na kitu ndani yako kinasema hapana, na kikaendelea kusema hapana baada ya kulala usingizi, chukua sosholojia bila kuona aibu. Ujiwekee tangu muhula wa kwanza kwamba takwimu utaifanya rafiki na kwamba kila likizo utakusanya data ya kitu fulani, hata kiwe kidogo. Mwaka wa tatu utakuwa na jibu la kumpa baba.

Zungumza naye mapema. Usimwambie "sitaki uuguzi" wala "nataka sosholojia". Mpe mitaala yote mitatu aisome, muulize yeye anaona nini mwaka wa pili, kisha mwambie ulichokiona wewe. Na siku ya kuthibitisha nafasi usiisubiri ya mwisho. Ingia kwenye mfumo siku mbili kabla, thibitisha, halafu hifadhi nakala ya risiti ya uthibitisho mahali pasipopotea, maana ndiyo utakayoonyesha jina lako lisipoonekana kwenye orodha.